Ishara na Jazanda katika Tanzia: Mfano wa "Mfalme Edipode"

Mtahiniwa akiandika "macho ni ishara ya maarifa" kisha akahamia hoja nyingine, ametaja ishara tu, hajaifafanua. Ishara ni kitu halisi mchezoni kinachobeba maana ya ziada, na maana hiyo hukua matukio yanapoendelea. Jazanda ni picha inayojengwa ili jambo moja lieleweke kupitia jingine. Tazama zinavyotumika katika *Mfalme Edipode*, tanzia ya Mgiriki Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi.

(a) Tauni
Mchezo unapoanza, mji wa Thebes unaangamia: mimea inanyauka, mifugo inakufa na watoto wanafia tumboni. Mwanafunzi wa Garissa aliyeona mizoga ya ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2023 anaelewa uzito wa picha hii. Hata hivyo, usichanganye tamthilia na maisha. Ukame ule ulitokana na mvua kukosekana misimu mitano mfululizo. Haukuwa adhabu kwa wafugaji. Katika tamthilia, tauni huashiria uovu uliofichika: muuaji wa Mfalme Laius anaishi mjini. Edipode anaapa kumsaka, asijue anajisaka mwenyewe.

(b) Macho na upofu
Tiresias ni kipofu, lakini anaujua ukweli. Edipode ana macho, lakini hajui kuwa alimuua babake na kumwoa mamake. Anamdhihaki mzee huyo kwa upofu wake. Ukweli unapofichuka, anajitoboa macho kwa pini za vazi la Jocasta. Anapofuka wakati anapoanza kuona.

(c) Miguu
Edipode alitobolewa vifundo vya miguu akiwa mchanga. Jina lake lahusishwa na mguu uliovimba. Katika masimulizi ya Kigiriki, kitendawili alichotegua kilihusu kiumbe mwenye miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Jibu ni binadamu. Alimtambua binadamu, asijitambue mwenyewe.

Jinsi ya kujibu
1. Taja ishara na mahali inapojitokeza.
2. Eleza inaashiria nini.
3. Onyesha maana yake inavyobadilika na inavyojenga maudhui.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiacha.

Zoezi
Chagua ishara moja katika tamthilia yako teule. Ifuatilie kutoka onyesho la kwanza hadi la mwisho. Je, maana yake imebadilika vipi? (alama 10)