Kufungwa na Kukatika: Istilahi za Muunganisho wa WebSocket

Wafasiri wa maandishi ya kompyuta wamezoea kulipa kila neno la kigeni neno moja la Kiswahili, na kulishikilia hadi mwisho wa kitabu. Kwa kawaida desturi hiyo ni njema. Lakini yako maandishi ambamo uaminifu wa namna hiyo humpoteza msomaji. Mathalani, maelezo ya maktaba za programu zitumiwazo katika mifumo ya kupelekeana ujumbe isiyo na makao makuu. Hapa tutautazama mfumo mmoja, Nostr, ulioanza mwaka 2020.

Katika mfumo huo hakuna seva moja inayowatawala wote. Programu iliyomo katika simu ya mtumiaji huunganishwa kwa wakati mmoja na vituo kadhaa vya kupokezana ujumbe, kila kimoja kwa WebSocket, utaratibu uliosanifishwa mwaka 2011. Laini ikishafunguka, upande wowote waweza kusema wakati wowote bila ya kungoja kuulizwa. Maktaba huarifiwa mambo manne: laini kufunguka, ujumbe kufika, hitilafu kutokea, na laini kufikia mwisho wake. Kila moja kati ya hayo Waingereza huliita 'event', na kwetu "tukio" latosha.

Shida yaanzia hapo, kwani Nostr yatumia neno lilo hilo kwa kitu kingine kabisa: andishi lenye kitambulisho, ufunguo wa mwandishi, wakati lilipoandikwa na sahihi yake. Tukio hutokea likapita, ilhali andishi hilo huhifadhiwa, hunakiliwa, na sahihi yake huweza kuhakikiwa popote lifikapo. Twapendekeza liitwe "waraka". Hapo mwalimu ataweza kusema kwamba tukio la kufika kwa ujumbe limeleta waraka, na wanafunzi wasidhani kuwa amerudia neno kwa kuteleza ulimi.

Neno 'close' lina mtego mkubwa zaidi. Programu hulituma kituoni inapoacha kutaka nyaraka za aina fulani. Kituo nacho hujibu 'CLOSED' kinapokataa ombi au kuacha kulihudumia. Katika hali zote mbili laini yenyewe ingali wazi, na maombi mengine yanaendelea. Mfasiri akiandika "kufunga" kila mahali, mwundaji wa programu atakayemfuata huenda akaivunja laini nzima kwa sababu ya ombi moja tu lililokataliwa. Afadhali tuseme programu *hutangua* ombi, na kituo *husitisha* ombi. Kufunga kubaki ni kwa laini peke yake.

Hata kwa laini peke yake, lugha yetu ina utajiri ambao ingekuwa hasara kuuacha. WebSocket ina tukio moja tu la mwisho wa laini, na hulitofautisha kwa namba: 1000 ni kuagana kwa kawaida, 1001 ni upande mmoja kuondoka, kama vile seva inapozimwa, 1006 ni kwamba laini imetoweka bila ya kuaga. Namba hii ya mwisho haitumwi na mtu yeyote. Programu hujiandikia yenyewe baada ya kutambua kuwa hakuna tena upande wa pili. Nani kati yetu hajapata kusema "simu imekatika" akimaanisha jambo hilihili? Laini ya 1000 *imefungwa*. Ya 1006 *imekatika*. Mnyambuliko wa kitenzi watueleza kile ambacho Kiingereza chahitaji namba kukieleza.

Tofauti hiyo ina matokeo. Laini iliyofungwa kwa kuagana huachwa. Iliyokatika hutafutwa tena, kwa vipindi vya kungoja vinavyorefuka, kituo kisije kikasongwa na wote wanaorudi kwa pamoja. Na ikipatikana, maombi yote hayana budi kutumwa upya, maana ni laini mpya na kituo hakiyakumbuki ya ile ya kwanza. Mwongozo usemao "kituo kimefunga" penye kukatika humfanya msomaji akae akidhani amekataliwa, kumbe ni mtandao uliokwisha nguvu njiani.

Kuhusu 'error', "hitilafu" inafaa kuliko "kosa", kwa sababu tukio hilo halimtaji mkosaji wala sababu. Laini inaposhindikana hutangulia tu, na tukio la mwisho hulifuata. Namba nazo zibaki kama zilivyo.