Majina Matatu Mwisho wa Wasifukazi

Nina saiba hapa Lodwar, na wateja wangu wengi ni vijana wanaotafuta kazi kaunti au kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi Kakuma na Kalobeyei. Masomo wanayataja bila kusita, tajriba vilevile. Tukifika kwa warejelewa, wale watu watatu ambao mwajiri atawauliza habari zako, ndipo mtu anaanza kukuna kichwa. "Weka tu MCA wetu." Naweka, mteja ni mfalme. Lakini mwakilishi huyo wa wadi atamweleza nini mwajiri kuhusu hesabu za ghala ulizokuwa ukifunga kila jioni?

Kazi nyingi za huku zina umri wa mradi. Meneja ametoka Nairobi. Mradi ukiisha anahamia Juba au Cox's Bazar kule Bangladesh, na barua pepe yake ya ofisi inafungwa. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada na kuivunja USAID, waliosimamishwa kazi na waliowasimamisha walijikuta wote wanatafuta kazi. Mteja mmoja alileta wasifukazi wenye warejelewa watatu wa shirika moja. Tuliwaandikia palepale kaunta. Barua zote tatu zilirudi.

Kwa hiyo namba ya kibinafsi ya msimamizi iombe ukiwa bado kazini, na cheti cha utumishi usiondoke bila. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti hicho kazi inapokoma, isipokuwa kama hukufikisha wiki nne mfululizo. Kinaonyesha mwajiri ni nani, ulifanya kazi gani na wapi, ulianza lini na ukaacha lini. Barua ya kukusifu ni jambo jingine: kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kuitoa.

Wakimbizi waliofundisha au kufanya ukalimani kambini kwa posho hudhani hawana mwajiri wa kutaja. Wanaye. Aliyekuwa akikagua kazi yako ndiye huyo, hata kama ulicholipwa hakikuitwa mshahara.

Kumtaja mtu bila kumwambia ni kumvizia. Anapigiwa simu akiwa Lokichar sokoni, kelele tele, hajui umeomba kazi gani. Mimi huwaandikisha wateja ujumbe kabla sijachapisha chochote: "Habari madam, ni mimi niliyekuwa nikiandikisha wafanyabiashara wa vocha za Bamba Chakula. Naomba nikutaje kama mrejelewa. Kazi ni ya afisa wa jamii, tangazo nimekutumia." Akikubali, anapata muda wa kukumbuka. Akikaa kimya wiki nzima, tafuta mwingine; huyo amekwisha kujibu.

Wala usidhani rafiki atakufichia kosa la zamani. Tangu 2019 kuna mpango ambao mashirika yaliyojiunga nao huulizana iwapo mtu aliwahi kupatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono katika miaka mitano iliyopita. Anayeulizwa ni mwajiri wako wa zamani, awe kwenye orodha yako au asiwe.

Mjomba wako mwache nje, hata akiwa mkurugenzi. Chifu na mchungaji watafaa tangazo likitaka mtu anayekufahamu kijijini. Na warejelewa wakihama, rudini tubadilishe. Kurekebisha namba ni bure; ukurasa ukichapishwa upya ni shilingi 10.