Zebaki, Moshi na Kumbukumbu za Wazee wa Usukumani

Mwaka 2003, katika kijiji cha Rwamagasa mkoani Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu walipewa kazi iliyofanana na mchezo wa watoto: kuokota njiti za kiberiti na kuzirudisha ndani ya kiboksi upesi iwezekanavyo. Wakagonga meza kwa penseli mfululizo, wakafumba macho na kugusa ncha ya pua kwa kidole, wakasomewa tarakimu na kutakiwa kuzirudia kwa mpangilio uleule. Kipimo kimoja kilitafuta mkono unaotetemeka, kingine kumbukumbu iliyoanza kulegea. Uchunguzi huo ulikuwa sehemu ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na miongoni mwa madaktari wake alikuwamo Mjerumani Stephan Bose-O'Reilly. Karibu robo ya wachomaji wa dhahabu waliopimwa walikutwa na sumu sugu ya zebaki.

Hao walikuwa watu wa umri wa kufanya kazi, wanaolea watoto na kulipa ada. Ninaanza nao kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kumbukumbu za uzeeni huwasubiri watu wafike miaka 65, kisha huwaambia wale karanga, wajaze mafumbo ya magazetini au wanunue vidonge. Kwa mtu wa Geita au Shinyanga ushauri huo umechelewa. Ubongo atakaozeeka nao anaujenga au kuubomoa akiwa bado na nguvu za kushuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji.

Jiwe lenye dhahabu likishasagwa kwenye mashine iitwayo karasha na kuoshwa kwa maji kwenye mwalo, mchanga mzito unaobaki humwagiwa zebaki. Zebaki huzishika chembe za dhahabu na kuwa donge moja, na donge hilo huchomwa, mara nyingi kwenye bati au kikaango cha wazi, wakati mwingine nyumbani, pembeni ya jiko la chakula. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, kwa hiyo pua haimwonyi mtu. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Kwenye damu, zebaki ya namna hii hupenya kirahisi ule ukuta wa mishipa unaoulinda ubongo. Ikishaingia kwenye seli hubadilika kikemia na kushikamana na protini zenye salfa, na kutoka tena ni shida. Nusu ya zebaki iliyomo mwilini kwa ujumla huondoka kwa muda wa miezi miwili hivi. Iliyo kwenye ubongo inaweza kukaa miaka. Mtu aliyeacha machimbo msimu uliopita anaweza kupimwa mkojo akaonekana salama, huku mikono ikitetemeka, usingizi ukimpaa, hasira zikimjia bila sababu na majina ya watu yakimponyoka.

Haijathibitishwa kwamba zebaki ndiyo inayosababisha ugonjwa wa Alzheimer, na asiwepo wa kumwambia mchimbaji hivyo. Hasara yake inaeleweka kwa njia nyingine. Wanasayansi huzungumzia akiba ya ubongo: miunganisho ya seli za neva ambayo mtu huikusanya tangu utotoni kwa elimu, kazi, lugha na mahusiano. Ubongo wenye akiba kubwa huendelea kufanya kazi hata uzee ukianza kuudhuru, kama kaya yenye ghala lililojaa inavyouvuka mwaka wa ukame. Anayepoteza seli za neva akiwa na miaka 25 anaingia uzeeni ghala likiwa nusu.

Jiko la kuchomea lililofungwa, lenye bomba linaloupoza mvuke na kuirudisha zebaki kwenye chombo, hupunguza sana sumu inayomfikia mchomaji, na humrudishia zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba hauwezi kumkinga mtu anayechomea donge lake ndani ya nyumba usiku akihofia kuibiwa. Usalama wa sehemu ya kuchomea una uzito uleule wa elimu ya sumu.

Kuhusu wazee wenyewe, takwimu nzuri za Tanzania zimetoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Demensia ni hali ya ubongo kudhoofika hadi mtu ashindwe kuendesha maisha yake ya kila siku. Kusahau ulipoweka miwani ni jambo jingine. Watafiti wa Hai walipata tabu na vipimo vya Ulaya, vinavyomtaka mzee achore saa au aandike sentensi wakati wengi hawakupata kushika kalamu. Kipimo kilichotokana na kazi yao kinamwomba mzee ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa, na aige umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Hata mzee asiyesoma anapimika kwa haki.

Usukumani, kwenye mikoa hii ya Geita na Shinyanga, upimaji wa haki una uzito wa pekee, kwa kuwa huku kusahau kunaweza kumgharimu mtu maisha. Kwa miongo kadhaa vikongwe, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi alama iliyotajwa ni macho mekundu. Historia ya macho hayo inajulikana. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikaendelea kuimaliza. Kuni zikawa haba. Akina mama wakapikia vinyesi vya ng'ombe na miti ya pamba ndani ya majiko yasiyo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Moshi uliwachubua macho. Mmoja wao, sasa mzee, akianza kuongea peke yake, kutoka nje usiku wa manane, kuingia nyumba isiyo yake au kumtuhumu jirani kwamba kamwibia, jirani anaunganisha mambo na kupata jibu baya. Daktari akiyaona hayohayo angefikiria demensia.

Moshi wenyewe haukomei machoni. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti ya mwaka 2024, iliorodhesha mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Mengi yake mtu wa ukanda wa dhahabu anayafahamu: hewa chafu, elimu ndogo, kuumia kichwa, masikio kupungua nguvu, macho kufifia, shinikizo la damu, pombe, sigara, upweke. Kelele za karasha na baruti huua seli za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na ubongo unakosa kazi. Huko Hai, karibu 7 kati ya kila wazee 10 walikuwa na shinikizo la damu, wengi bila kujua. Shinikizo huharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, na kulipima ni suala la dakika chache zahanati. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. Ufuatiliaji wa wazee zaidi ya 3,000 nchini Marekani ulikuta waliofanyiwa upasuaji huo walipata demensia kwa kiwango kilichokuwa chini kwa karibu asilimia 30 kuliko ambao hawakufanyiwa.

Na mazoezi ya akili? Wasukuma wanayo, na sioni sababu ya kuagiza mengine. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa wazee 469 wa Bronx, New York. Waliocheza michezo ya ubaoni, kusoma, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipata demensia kwa uchache kuliko wenzao. Kati ya shughuli za viungo, dansi pekee ndiyo iliyohusishwa na nafuu hiyo. Tahadhari inafaa: pengine ambaye ubongo wake umeanza kuugua huacha dansi mapema. Hata hivyo, ukitazama mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, unaona kwa nini jambo hilo linaingia akilini. Mchezaji anajifunza nyimbo mpya kila msimu, anafuata ngoma kwa miguu, anawatazama wenzake, anacheka. Kuna pia isolo, ndugu wa bao. Bao la mashimo 32 na kete 64 humlazimisha mchezaji kuzungusha kete kichwani kabla mkono haujazigusa. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima, mwaka 1995, kuhusu uwezo huo wa mabingwa. Kibaya ni kwamba bao limeachiwa wanaume. Bibi anayeshinda jikoni na moshi wake ndiye anayelihitaji zaidi, pamoja na mtu wa kucheza naye.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: malaria, maambukizi ya mkojo, kiharusi au sukari iliyoshuka huweza kufanya hivyo, na mengi yanatibika. Kusahau kukija polepole kwa miezi, bado apelekwe, maana sonona, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo hujificha ndani ya dalili hizohizo. Daktari aelezwe dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwamo, na kama aliwahi kuchoma dhahabu. Ikithibitika kuwa ni demensia, aliyetoka naye hospitali awaambie majirani na mwenyekiti wa kitongoji jina la ugonjwa huo mapema, kabla hawajampa mzee jina lingine.