Vinka, ua la jua kali

Jaalan Bani Bu Hassan, kandokando ya jangwa la mchanga la Sharqiya nchini Oman, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na wengi huamini kitalu kisicho na kivuli hakifai maua. Vinka inakanusha imani hiyo. Mmea huu wenye asili ya Madagaska huishi miaka kadhaa, kwa kawaida hauzidi nusu mita, na huchanua maua ya rangi ya waridi au meupe kiangazi kizima. Anayesema maji ni ya mitende kwanza ana haki. Lakini vinka huvumilia ukame, na kinachoozesha mizizi yake ni maji kutuama. Basi changanya mchanga na samadi iliyooza, mwagilia alfajiri udongo ukishakauka, na weka uzio dhidi ya mbuzi, kwani mmea wote una sumu.