Pole Inapogeuka Kuwa Mahojiano

Mkoani Mara, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, salamu fupi huhesabiwa kuwa nusu ya salamu. Anayekutana na mwenzake stendi ya Bunda au sokoni Nyasho, mjini Musoma, haulizi habari za asubuhi pekee. Huulizia nyumbani, watoto, wazee, mvua na mifugo, na asipoulizia huonekana ana neno moyoni. Mgonjwa hutembelewa, mfiwa huketiwa. Msimamizi wa kazi asiyefika kumpa pole mtumishi aliyelazwa huambiwa hana utu, na sifa hiyo humfuata hata akihamishwa kituo. Wakuu wa kazi wasiojali wapo, na madhara yao yanajulikana.

Ipo hata hivyo hali nyingine, isiyosemwa sana kwa sababu anayeilalamikia huonekana hana shukrani. Mkuu wa kazi anajali, na anajali kweli, lakini kujali kwake kunavuka kizingiti cha nyumba ya mtu. Anataka kujua ugonjwa ni upi, umeanza lini, mume anasemaje, ni dawa gani zimeandikwa, mimba imetoka au imetolewa. Mtumishi anajibu, kisha anarudi kwenye meza yake akijihisi amevuliwa nguo.

Maswali ya namna hii aghalabu huja yakiwa yamevikwa lugha ya udugu. “Mwanangu, niambie mimi kama mama yako.” Mtoto hamnyimi mama jibu. Lakini mama wa nyumbani hajazi fomu ya tathmini ya utendaji, hapangi zamu, hapendekezi nani aende masomoni, wala hatoi maoni pale mtoto anapoomba uhamisho. Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyelifanya neno la undugu, ujamaa, kuwa msingi wa siasa ya taifa, na lugha ya kazini nchini ingali imebeba urithi huo: wakubwa huitwa mama na mzee, wa makamo huitwa dada na kaka. Ni urithi wa heshima. Tatizo huanza pale cheo kinapoazima sauti ya ukoo ili kupata jibu ambalo cheo peke yake kisingeweza kulidai.

Daktari na bosi katika kiti kimoja

Katika vituo vya afya vidogo jambo hili lina uzito wa pekee. Ichukuliwe mfano zahanati ya kijiji wilayani Butiama yenye watumishi wachache. Tabibu mfawidhi ndiye mkuu wa kazi. Ndiye pia anayetibu, kwa kuwa zamu hiyo hakuna mwingine. Ndiye jirani, maana nyumba za watumishi ziko ua mmoja na zahanati, na Jumapili pengine huketi nao benchi moja kanisani. Muuguzi wa mahali hapo akiugua, mgonjwa na mtumishi wamo katika mwili mmoja, na aliye mbele yake ni daktari na bosi katika kiti kimoja. Alichokisema akiwa mgonjwa, mkuu wa kazi atakisahau vipi anapopanga zamu za usiku?

Si ajabu, basi, mtumishi wa afya akapanda gari kwenda kupimwa asikojulikana: wa Butiama akaenda Bunda, wa Bunda akaenda Musoma katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, na wa Musoma akavuka mkoa hadi Bugando jijini Mwanza. Watu hawa hawaikimbii tiba, wanawakimbia wanaowafahamu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani na UNAIDS yalitoa kwa pamoja mwongozo kuhusu huduma za VVU na kifua kikuu kwa watumishi wa afya wenyewe, na usiri ulipewa nafasi kubwa humo. Anayewahudumia wengine mwaka mzima naye huhitaji mlango wa kuingilia kama mgonjwa, si kama mtumishi.

Hasara ya kuukosa mlango huo huonekana wazi zaidi katika ajali ya sindano. Muuguzi aliyejichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kutoa taarifa, na kutathminiwa ili aanze dawa za kinga dhidi ya VVU, zijulikanazo kama PEP. Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa mapema kabisa, ndani ya saa chache, wala si baada ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo huambukizwa kwa sindano kwa urahisi kuliko VVU, na kwa hivyo chanjo yake si ya kuahirisha. Yote haya watumishi wa afya wanayajua. Wanachokiogopa ni kwamba kabla ya kuanza PEP mtumishi mwenyewe hupimwa, kwa kuwa dawa hizo si za aliyekwisha kuambukizwa. Kama mkuu wa kazi ana desturi ya kusimama mlangoni mwa maabara akiuliza kwa huruma, “Eh, majibu yamesemaje?”, muuguzi ataosha kidole, atafunga plasta na kunyamaza. Saa 72 zitapita akiwa kazini, mbele ya macho ya mtu ampendaye na anayemjali.

Anachohitaji kukijua mkuu wa kazi ni kwamba ajali imetokea, saa ngapi, chumba gani, kwa kifaa gani, na kama mtumishi amefikishwa kwa anayeweza kumhudumia. Taarifa hizo zinatosha kurekebisha boksi la sindano lililojaa kupita kiasi, kujaza kitabu cha ajali, na kuanzisha taarifa ya ajali ya kazini inayohitajika kwa ajili ya fidia. Majibu ya kipimo hayamo katika orodha hiyo.

Sheria inasema nini

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, maisha ya familia yake na unyumba wake. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa humo, na imeyafanya majibu kuwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika.

Mwajiri naye ana haki zake, na ni vema zisemwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kudai cheti cha daktari. Mjamzito anatakiwa kumjulisha mwajiri walau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Mtumishi wa chumba cha eksirei aliye mjamzito ana sababu ya kusema mapema zaidi, kwa ajili ya mtoto. Wafanyakazi wa viwanda vya samaki vya Musoma hupimwa afya kwa kuwa wanashika chakula cha watu. Katika hayo yote swali la mwajiri ni kama mtu anaweza kufanya kazi hii, kwa usalama gani, na lini atarudi. Swali la mwili umepatwa na nini ni la mtu na daktari wake.

Hapa ndipo matabibu wanapohusika kuliko wanavyodhani. Karatasi ya mapumziko, ambayo makazini huitwa ED, hupita kwa karani, kwa mtunza majalada na kwa mkuu wa idara kabla ya kupumzika kwenye faili. Jina la ugonjwa likiandikwa humo kwa mazoea tu, idara nzima italisoma kabla ya saa sita mchana. “Apumzike siku 5, asinyanyue vitu vizito kwa wiki 2, atarudi kliniki” inatosha kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuomba iandikwe hivyo, na tabibu asilione ombi hilo kuwa la mtu mwenye cha kuficha. Kila mtu ana cha kuficha. Ndiyo maana vyumba vya daktari vina mlango.

Kundi la WhatsApp

Mazoea mengine mapya yamezaliwa na nia njema. Ofisi karibu zote, kuanzia halmashauri hadi shule na maduka ya barabara kuu ya Bunda, zina kundi la WhatsApp la watumishi. Mkuu wa kazi anaandika: mwenzetu amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa kizazi, yuko wodi fulani, tumchangie. Michango inapatikana ndani ya saa moja, na hilo ni jambo jema lisilopaswa kubezwa. Lakini sentensi moja imekwisha kumwambia dereva, mhasibu na kijana aliye mafunzoni kwamba mama huyo huenda asizae tena. Ujumbe ule ule bila maneno manne ungeleta fedha zile zile. Kabla ya kuutuma, mkuu wa kazi angepiga simu na kuuliza: “Niwaambie nini wenzako?” Mgonjwa mwingine atataka yote yasemwe. Mwingine atataka pasemwe tu kwamba anaumwa.

Serikali yenyewe imewahi kukutana na fundo hili. Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2006 uliweka utaratibu wa huduma kwa watumishi wa umma wanaoishi na VVU, zikiwemo za lishe. Ni hatua ya utu. Lakini ili apate msaada wa mwajiri, mtumishi hana budi kujiweka wazi kwa mwajiri, na wapo wanaopiga hesabu na kuamua kwamba sukari na mafuta ya kupikia havilingani na bei ya siri yao. Uamuzi huo ni wao. Mratibu wa huduma hizo anayewafuata watumishi mmoja mmoja akiwauliza kama “wanahusika” amekwisha kuubomoa mpango anaoutetea.

Kuna pia kujali kusikokuwa kujali. Mkuu wa kazi mwanaume anayempigia mtumishi wa kike saa nne usiku kumuuliza kama amekula, anayesisitiza kumpa lifti kila anaposafiri kati ya Musoma na Bunda, anayedadisi habari za ndoa yake “ili amsaidie mawazo”, huenda anatafuta kitu kingine. Neno lake kubwa ni kwamba hakusema baya lolote. Sheria ya Ajira inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu kama jinsia kuwa ni ubaguzi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa linaloshughulikiwa na TAKUKURU. Mwanamke aliye katika hali hiyo aandike tarehe, asifute ujumbe, na amweleze mtu mmoja anayemwamini mapema, kabla jambo halijakua.

Kwa wakuu wa kazi wenye nia safi, ambao ndio wengi, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwezi Septemba 2022 lilipendekeza mameneja wafundishwe kumtambua mfanyakazi aliyeelemewa na kumwelekeza kwenye msaada. Halikutaka wageuke kuwa watabibu. Tofauti hiyo husikika katika maneno yenyewe. “Dada, naona wiki hizi mbili umechoka. Kuna chochote kwenye ratiba tunachoweza kubadilisha?” ni swali linaloweza kujibiwa bila kufungua kabati la nguo. “Dada, una nini? Niambie ukweli” halina jibu fupi, na ukimya ukifuata, ukimya wenyewe unageuka kuwa jibu. Mahali napo pana maana yake: swali la kwanza likiulizwa kwenye korido mbele ya wagonjwa wanaosubiri, linafanana na la pili.

Mtumishi naye si lazima achague kati ya kueleza yote na kuwa mkavu. “Ahsante sana kwa kunijali, mama. Ninatibiwa, na lolote litakalogusa kazi nitakuja kukueleza mwenyewe.” Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na mara nyingi mkuu wa kazi aliyeyasikia hushukuru kupunguziwa mzigo. Akiendelea kuuliza, mtumishi anaweza kuomba swali liandikwe, aombe kuhudumiwa kituo kingine, au apite kwa ofisa utumishi au tawi la chama chake, TUGHE au TALGWU. Mtumishi wa umma huanza na ngazi za rufaa za utumishi wa umma. Aliyeajiriwa na mtu binafsi, kiwandani Musoma au dukani Bunda, anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.