Shule ya Croydon na Wenyewe

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alituuliza swali: "Nani mwenye shule za msingi katika Marekani?" Mimi nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Nikajibu kwa sauti kubwa, "Ni Rais, mwalimu." Darasa zima likaniunga mkono. Lakini mwalimu akatikisa kichwa, akaniambia niende maktabani nikatafute jibu, kisha niwaeleze wenzangu katika gazeti letu. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Kazi ya kusomesha imeachiwa majimbo 50, na majimbo nayo, isipokuwa machache kama Hawaii, yameikabidhi kwa wilaya za shule. Wilaya ya shule si wilaya ya utawala kama tuzijuazo hapa Uganda. Ni eneo lililowekewa mipaka kwa ajili ya jambo moja tu, yaani kuwasomesha watoto waliomo. Ina halmashauri yake, na kwa kawaida wajumbe huchaguliwa na wenyeji kwa kura. Halmashauri huajiri walimu, hutunza majengo, huweka mabasi, na kila mwaka hutengeneza hesabu ya fedha zitakazohitajiwa. Leo ziko wilaya kama 13,000. Nyingine ni kubwa ajabu. Ile ya jiji la New York ina mamia ya maelfu ya wanafunzi. Nyingine zina watoto wachache kuliko bweni letu moja.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1647, wakati Massachusetts ilipokuwa koloni la Waingereza, ilitungwa sheria kwamba kila mji wenye nyumba 50 lazima uweke mtu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Baadaye, mwaka 1785, Kongresi iliamuru ardhi ya magharibi ipimwe miraba ya maili 6 kila upande. Kila mraba uligawanywa vipande 36, kila kimoja eka 640, na kipande cha 16 kikawekwa akiba kwa ajili ya shule. Yaani kabla ya mkulima wa kwanza kujenga kibanda chake, shule ilikuwa imekwisha pata shamba.

Kwa hiyo wilaya ndogo zilienea kama uyoga. Karibu na mwaka 1930 zilikuwa zaidi ya 120,000, na shule nyingi za mashambani zilikuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja. Halafu zikaja barabara nzuri na magari. Mwaka 1939 wajuzi walikutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, wakapatana juu ya vipimo vya mabasi ya shule na rangi yao ya manjano, rangi ionekanayo upesi hata alfajiri. Mabasi yaliwezesha wilaya ndogo kuunganishwa. Watoto wakapata maabara na walimu wengi zaidi, lakini safari zikawa ndefu. Tena kijiji kilichopoteza shule kilipoteza na mahali pa kukutania. Ndiyo sababu vijiji vingine vimeng'ang'ania shule zao mpaka leo.

Kimoja ni Croydon, katika jimbo la New Hampshire. Kwa sheria zao huitwa mji, lakini kwa macho yetu ni shamba na misitu, wenye watu kama 800. Mwaka 2022 wilaya yake ya shule ilikuwa na watoto kama 80. Wadogo, tangu chekechea hadi darasa la 4, hawakutimia 30, nao walisoma katika shule ndogo nyekundu pale pale. Wakubwa walipelekwa shule za miji ya jirani, na wilaya ikawalipia karo.

Fedha hutoka wapi? New Hampshire haitozi kodi ya mishahara wala kodi ya jumla ya mauzo, kwa hiyo shule hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi. Hesabu yake ni hivi. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 200,000, na kodi ya shule ni dola 10 kwa kila dola 1,000 za thamani. Mwenye nyumba atalipa dola 2,000 kwa mwaka, awe ana watoto shuleni au hana. Hapo twaona kasoro moja kubwa: penye majumba ya kifahari, kodi ndogo huleta fedha nyingi, penye vibanda, hata kodi kubwa huleta kidogo. Wazazi wa Texas walilipeleka jambo hili mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, lakini mwaka 1973 majaji 5 kati ya 9 waliamua kwamba Katiba haikuvunjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika miji kama Croydon, bajeti ya shule haipitishwi na wakubwa ofisini. Hupitishwa na wenyeji wenyewe katika mkutano wa kila mwaka, ambako kila mpiga kura aweza kusimama na kutoa shauri. Jumamosi moja ya theluji, tarehe 12 Machi 2022, bajeti ya dola milioni 1.7 ililetwa mbele ya mkutano. Mtu mmoja akasimama akatoa shauri ipunguzwe iwe dola 800,000, yaani dola 10,000 kwa kila mtoto. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama ya kusomesha huzidi kupanda bila elimu kupanda kwa kadiri ile ile. Watu wakajadiliana, kisha wakapiga kura: 20 wakakubali, 14 wakakataa.

Katika mji wenye wapiga kura zaidi ya 500, watu 34 tu walikuwapo. Wengine walikuwa nyumbani, kwa kuwa kila mwaka bajeti hupita bila taabu. Jioni habari zilipoenea, wazazi walishika vichwa. Karo za shule za jirani zilizidi dola 10,000, na tofauti ingewaangukia wao. Halmashauri nayo ikaanza kufikiria njia za bei nafuu, hata masomo ya kompyuta yenye wasimamizi badala ya walimu. Na yote yalikuwa halali. Hakuna aliyeiba kura wala aliyevunja sheria.

Ilibaki njia moja, mkutano wa pekee. Lakini sheria ilisema kwamba ili uamuzi ubadilishwe, hapana budi angalau nusu ya wapiga kura wote wahudhurie. Kwa hiyo aliyeipenda bajeti ndogo hakuwa na haja hata ya kupiga kura. Kukaa nyumbani kulitosha. Wenyeji wakapita nyumba kwa nyumba, wakapiga simu, wakaandika mabango. Watu wa vyama vinavyopingana wakafanya kazi pamoja. Tarehe 7 Mei walikusanyika na kupiga kura. Waliotaka bajeti ya kwanza irudishwe walikuwa 377, na waliokataa walikuwa 2.

Niliposoma habari hii niliikumbuka shule yangu ya msingi. Hapa kwetu fedha za shule za serikali hutoka Kampala, wala wazazi hawawezi kuzipunguza kwa kunyosha mikono. Hata hivyo tuna kamati za shule na mikutano ya wazazi. Nilipokuwa darasa la 6, sisi wanafunzi tulibeba mabenchi yote ya madarasa tukayapanga chini ya mwembe kwa ajili ya mkutano, nao wazazi waliokuja walitosha mabenchi mawili. Hao wachache wakaamua habari ya mchango wa uji kwa ajili yetu sote. Mama yangu hakuwapo. Alikuwa akipalilia maharagwe. Alilalamika muhula mzima juu ya mchango ule, wala hakupata mtu wa kumlaumu.

Basi, mwalimu, jibu langu la kwanza lilikuwa kosa. Mwenye shule ya Croydon si Rais wala si jimbo peke yake. Ni wale wanaokwenda mkutanoni. Mwezi Machi walikuwa 34, na mwezi Mei wakawa zaidi ya nusu ya wapiga kura wote. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Likizo ijayo, shule ya mdogo wangu itakapoita mkutano, mimi nitapalilia maharagwe, na mama atakwenda.