Inveta ya Mashine ya Kukereza Chuma

Nyumba nyingi za Nyamira huingiziwa umeme wa fezi moja: volti 240, hezi 50. Mashine ya kukereza chuma iliyokwisha kutumika kiwandani, nayo, aghalabu huja na mota ya fezi tatu. Fundi anayetaka kukereza shafti na bushi za visiagi karakanani kwake nyumbani hushauriwa anunue inveta. Tuone kwanza kifaa hiki hufanya nini.

Hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, na kasi ya mota ya fezi tatu hufuata idadi hiyo. Mota ya poli nne huzunguka takriban mara 1,420 kwa dakika kwenye hezi 50. Kwenye hezi 25, karibu nusu yake. Inveta hupokea fezi moja, huigeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huutoa upya kama fezi tatu zenye hezi anazotaka fundi.

Lakini volti kati ya fezi hizo hubaki 240, si 415. Kwa hiyo lisomwe bamba la mota. Likiandikwa 230/400, nyaya zihamishwe kutoka muungo wa nyota hadi wa pembetatu. Likiandikwa 400/690, mota haitatoa nguvu yake kamili. Mota ya fezi moja yenye kapasita haifai kabisa kwa inveta hii.

Ukubwa wa inveta huchaguliwa kwa ampea. Mota ya kilowati 1.5 hutumia karibu ampea 6 kwa kila fezi, ila inveta yenyewe huweza kuvuta ampea 14 hivi ukutani, kwa kuwa mzigo wote unapita laini moja. Plagi ya ampea 13 haitoshi; uvutwe waya wake pekee, wenye fyuzi yake na ethi. Na kwa kuwa milima hii ya Gusii ina radi nyingi, swichi kuu izimwe mara ngurumo zinapoanza.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni nguvu katika kasi ndogo. Chuma laini hukatwa kwa takriban mita 30 kwa dakika. Kipande cha kipenyo cha milimita 20 kinahitaji mizunguko 480 kwa dakika. Cha milimita 100, mizunguko 95 tu. Ukiishusha mota hadi hezi 10, kilowati 1.5 hubaki 0.3, na feni iliyo kwenye shafti yake haipozi tena. Puli za mashine hupunguza kasi huku zikiongeza nguvu ya kuzungusha. Inveta haifanyi hivyo.

Kwa hiyo naona inveta inafaa kwa mota isiyozidi kilowati 2.2, mradi puli zibaki mahali pake na hezi zichezeshwe kati ya 25 na 60. Mota ikiwa kubwa zaidi, ni heri kuomba laini ya fezi tatu. Swichi ya mashine isiwekwe kati ya inveta na mota. Iunganishwe kwenye vituo vya kuamrisha vya inveta. Na kama kibano kinachoshika chuma kimefungwa kwa hesi, mashine ipewe sekunde kadhaa za kusimama, maana breki ya ghafla hukifungua.